Kivuli kwa Kokoa, Jua kwa Watoto

Mkulima wa kokoa wa Kyela hahitaji kufundishwa maana ya kivuli. Mche wake mchanga huuotesha chini ya migomba, kwa kuwa anajua kwamba jua likiupiga utakauka. Lakini mkulima huyohuyo akipata fedha za kujenga, humwita kwanza mtu wa msumeno auangushe mwembe wa uwanjani, ati nyumba ionekane barabarani. Kisha huezeka mabati ya rangi nyeusi, bila upenu wala baraza, na dari huahirishwa hadi "Mungu akijalia". Watoto wake hulala humo. Mche una kivuli, mtoto hana.

Huo hauwezi kuitwa usasa. Ni kununua joto kwa fedha taslimu, kisha kununua umeme wa kulifukuza.

Nitajibiwa kwamba Kyela ni nchi ya joto tangu zamani. Ni kweli. Tuko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na unyevu wa ziwa hauachi jasho likauke. Hata hivyo wazee wetu waliishi katika joto hilohilo bila feni. Joseph Thomson, msafiri aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alisifu unadhifu wa makazi yao yaliyokuwa ndani ya migomba.

Sisemi turudi kwenye nyasi, la hasha! Mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na bati limetuokoa na mengi. Ninalolipinga ni bati lisilo na dari. Hupigwa na jua tangu asubuhi, na joto lake hushuka moja kwa moja juu ya kichwa cha aliye chini yake.

Tupige hesabu. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 12 kila siku hula uniti 22 hivi kwa mwezi. Vyumba vitatu vyenye feni ni uniti 65. Kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 kwa saa nane kila usiku hula uniti 240. Fedha hizo za luku utalipa mwezi huu, mwezi ujao, na miaka yote utakayoishi. Dari hulipiwa mara moja, na ikishindikana ya mbao, hata mianzi iliyopasuliwa hufaa, mradi juu yake yaachwe matundu ya kutolea hewa ya moto. Mwembe hauna bili.

Na umeme ukikatika? Mtoto anayeungua kwa joto huusukuma mbali mguuni mwake ule wavu aliofunikwa, na mbu wa Kyela hawana likizo. Basi hapo hasara si ya shilingi tena.

Lawama nyingine ni ya mafundi wanaoleta ramani za mijini, hasa hizo za "paa la kuficha", bila kuuliza jua linatokea wapi. Kila aliyesoma jiografia anajua kwamba mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Kwetu ziwa liko kusini. Kwa hiyo, kiwanja kikiruhusu, urefu wa nyumba uelekee mashariki na magharibi, ili jua la jioni likute ukuta mfupi. Madirisha makubwa yawe kusini na kaskazini, yenye nondo kwa ajili ya mwizi na wavu kwa ajili ya mbu. Kuigeuza ramani hivyo kabla ya kuchimba msingi hakuongezi hata tofali moja.

Wengi huniambia hawana fedha za dari. Nikiingia ndani, naona sebule imetandikwa marumaru zinazong'aa. Mwenye nyumba huyo fedha alikuwa nazo. Alichagua macho ya wageni, akaacha usingizi wa watoto wake.