MADINI NI SHAMBA, SI MAHINDI



Tumechoka kuambiwa kwamba mali ya ardhi ni jambo la mawakili na mabwana wa hesabu, na sisi wafanyi kazi tushike sepetu tu tukingojea mwisho wa mwezi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema madini yote ni ardhi ya umma, na Serikali ya Taifa imeyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini si mwenye mali. Mwenye leseni ya kuchimba si mwenye mali vile vile.

Wako wanaousema mrabaha kana kwamba ni sadaka ya kampuni, pamoja na yale madarasa na visima wanavyopigia picha. Sivyo, ndugu. Mrabaha ni bei ya kitu chetu. Anunuaye mbuzi wako hukulipa bei ya mbuzi, hata kama baadaye nyama haikumpa faida.

Sheria ya Madini ya 2016, iliyofuta ile ya wakoloni ya 1940, yagawa mrabaha hivi: 70 kwa mia kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa wenyeji wa mahali panapochimbwa. Tazameni Kwale. Meli ya kwanza ya mchanga wenye titani iliondoka Likoni 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Katikati hapo, miaka mingi ilipita wenyeji wakililia ile kumi yao iliyokwisha kuandikwa. Sheria yakaa karatasini, mchanga wapanda meli!

Tena iko hila katika hesabu. Kila tani iliyouzwa iliandikwa kuwa pato la nchi. Lakini mkulima akiuza mahindi, msimu ujao hupanda tena. Akiuza shamba, hawezi kusema amevuna. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikubali neno hili 2025, katika kanuni mpya za hesabu za mataifa: kupungua kwa mali ya asili kuhesabiwe kuwa gharama. (Norway hawakungoja, sheria ya mfuko wao wa mafuta ni ya 1990.) Kwetu mgodi ulipofungwa, kazi zilikwisha pamoja na mchanga.

Hatusemi migodi isichimbwe. Watoto wetu wataka kula. Lakini sasa macho yameelekea Mrima, Kwale hiyo hiyo, penye niobi na madini mengine adimu, na tayari twasikia ahadi tamu. Kabla sepetu ya kwanza haijashuka huko, twataka mkataba usomwe barazani kwa Kiswahili, wenyeji na wafanyi kazi wakisikia. Twataka mwandikwe mle fungu la kutengwa kila mwaka kwa ajili ya siku ya kufunga mgodi: malipo ya watakaoachishwa kazi, na gharama ya kuirudishia ardhi uzima wake. Wajumbe wa matawi ya Pwani wapewe barua yenye maneno haya, waipeleke kwa wabunge wao, na watuletee jibu lililotiwa sahihi.