Samaki Huyu ni wa Nani?

Nilipokuwa chuoni, maalim wetu alitufunza kwamba samaki hataki kisu. Akishatolewa majini yu halali. Kwa miaka mingi niliridhika na jawabu hilo. Sasa najiuliza: na samaki wa wizi je?

Juma lililopita nilikwenda sokoni kutafuta changu. Waliokuwapo walikuwa wa kiganja, hata kutaga hawajawahi. Nikamwambia mchuuzi, "Mwanangu, hawa ni watoto." Akanijibu, "Shekhe, ndio waliokuja na juya."

Juya lilipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2001, na lilistahili, kwani hukokotwa chini likazoa nyasi za bahari na makinda yaliyomo. Simtetei mwenye juya. Lakini namjua. Chombo chake ni mtumbwi au dau, na kusi likivuma hawezi kupita mwamba akatoka nje. Huvua ndani, penye watoto wa samaki, kwa kuwa ndipo anapofika. Akikamatwa, juya lake huchomwa moto ufuoni watu wakitazama.

Na huko nje asikofika yeye, nani huchomewa nini?

Mwezi wa Machi 2009 Tanzania, ikisaidiwa na jirani zake, iliikamata meli iitwayo Tawariq 1 ikivua bila leseni katika maji yake, na tumboni mna karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Watu wakawaita "samaki wa Magufuli", maana marehemu ndiye aliyekuwa waziri. Mwaka 2012 nahodha alitiwa hatiani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo, kwa kuwa kesi haikufunguliwa ipasavyo. Samaki walikwisha kuliwa zamani.

Meli za namna hiyo hutandaza kamba ya maili na maili, ndoana kwa maelfu, na ndoana haichagui. Kasa akinaswa chini hufa maji, kwani naye huvuta pumzi kama sisi. Papa mara nyingi hukatwa mapezi, mwili ukatupwa.

Serikali zetu haziwezi kusema hazina nyenzo. Kenya iliunda kikosi cha walinzi wa pwani mwaka 2018. Upo pia mkataba wa mataifa, ulioanza kutumika mwaka 2016, unaoruhusu bandari kuinyima nafasi meli iliyovua kwa wizi. Samaki asipopata pa kuteremshwa, mwizi atamuuza wapi? Basi wakaguzi wapande melini wahesabu, na mawakili wa serikali waandae kesi zao vizuri tangu siku ya kwanza. Wa Kenya na wa Tanzania wafanye doria pamoja, maana samaki wa Vanga hajui mpaka.

Na orodha ya meli zilizopewa leseni ibandikwe kwa Kiswahili katika kila diko, kutoka Kiunga hadi Vanga, mwenye dau aisome naye ajue ni nani aliyeruhusiwa kuvua mbele yake.