Nani Ataandika Habari za Msitu Wetu?



Kila mwaka, wakati Egzeta inakaribia, sisi finalisti tunaulizwa swali moja: utaenda kusoma nini? Na majibu ni yale yale. Udaktari, sheria, uhandisi, biashara. Ni shida kumpata mwenye kusema: mimi nitasoma msitu, ziwa na udongo, nifanye utafiti, kisha nifundishe wengine. Akisema hivyo, watu wa nyumbani watamwuliza: "Ile masomo itakupa nini? Utakulaka majani?"

Mimi ninataka masomo hayo, na ninasema yanatuhitaji sisi watoto wa Kivu kuliko mtu mwingine. Lakini ninasema pia kwamba anayeanza kazi hiyo asisome miti na wanyama peke yao. Asome pamoja nao habari za zamani za watu wa mahali pale. Ekolojia bila historia inachechemea.

Tuanze na kitu cha sahanini. Hapa Nguba, usiku usipokuwa na mbalamwezi, tunaziona taa za wavuvi katikati ya ziwa. Wanavua sambaza. Wengi wetu tunafikiri sambaza ni wa Ziwa Kivu tangu kuumbwa kwa dunia. Kumbe hapana! Samaki huyu ni wa Tanganyika. Aliletwa hapa mwisho wa miaka ya 1950, juu wataalamu waliona kwamba katikati ya ziwa letu hakukuwa na samaki wa kula vile viumbe vidogo vinavyoelea majini. Kazi ile ilifaulu, na leo sambaza analisha watu wengi na kulipa minervali ya wanafunzi wengi. Lakini vile viumbe vidogo vilipungua sana, na aina moja kubwa kati yao haikuonekana tena. Mtu anayepima ziwa leo bila kujua habari hiyo atafikiri anaona ziwa la asili. Anaona ziwa lililobadilishwa na mkono wa mtu, wakati wazee wetu wengine walikuwa tayari wamezaliwa.

Sasa tupande mlimani, Kahuzi. Mwaka wa 1937 serikali ya Wabelgiji iliufanya msitu ule kuwa hifadhi. Mwaka wa 1970, kwa bidii ya Mbelgiji Adrien Deschryver, ukawa Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye kilometa za mraba 600. Mwaka wa 1975 mipaka ilisukumwa mpaka kilometa za mraba 6,000, kufika misitu ya chini upande wa magharibi. Mwaka wa 1980 UNESCO iliiandika parki katika urithi wa dunia. Hiyo ni sifa kubwa, na ni haki yake. Gorila wa Grauer anayekaa mle haishi porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa mashariki mwa Kongo yetu.

Lakini msitu ule ulikuwa na wenyewe. Batwa waliishi mle, waliwinda, walichimba dawa, walizika wafu wao. Katika miaka ile ya 1970 walifukuzwa bila kulipwa, wakabaki pembeni ya mashamba ya watu wengine, hawana udongo. Mwaka wa 2018 wengine walirudi ndani kwa nguvu. Miti mingi ilikatwa ikawa makala, walinzi na Batwa wakapigana, na watu walikufa pande zote mbili. Mwaka wa 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega.

Ndugu, fikirini vizuri hapa. Anayehesabu miti bila kujua habari za 1970 ataona paka makala ya 2018. Anayejua habari za 1970 bila kuhesabu miti atasema hakuna kilichoharibika. Kila mmoja ameshika nusu, na kwa nusu hiyo atatoa shauri baya. Tunahitaji watu wa kushika zote mbili.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya wazungu. Si kweli. Njia ya kwenda Katana kuna Lwiro, kituo cha utafiti kilichojengwa na IRSAC, shirika lililoundwa mwaka wa 1947. Leo tunakiita CRSN. Mtafiti wa pale, Augustin Basabose, alifuata nyayo za sokwe katika msitu wa baridi wa Kahuzi, kwenye urefu wa kupita meta 2,000. Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Kuamka mapema, kupanda mlima, kutazama mti gani umezaa mwezi huu, kuokota mavi ya sokwe na kutafuta ndani yake mbegu za matunda waliyokula. Mtu anaweza kucheka. Lakini kwa mavi yale dunia ilijua sokwe wa milimani wanakula nini, maandishi yake yakachapishwa mwaka wa 2002, na yeye akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Mjapani Juichi Yamagiwa naye alianza utafiti wa gorila hapa Kahuzi mwaka wa 1978, akiwa kijana bado. Kuanzia 2014 mpaka 2020 alikuwa mkuu wa chuo hicho cha Kyoto. Kama mlima wetu ulimkuza mtoto wa Japani, utashindwa kumkuza mtoto wa Kabare?

Sitawadanganya, njia yenyewe ni ngumu. Ukimaliza chuo kikuu, ukipata bahati unakuwa asistanti. Unasahihisha karatasi za wanafunzi, unaongoza mazoezi, na mshahara ni mdogo, tena unachelewa. Mbele yako kuna cheo cha shefu wa kazi, kisha udaktari, na udaktari unataka basi ya masomo ambayo wengi wanaitafuta. Usalama nao ni shida: tangu 1997 parki yetu iko katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, juu ya vita. Mzazi anayeogopa ana sababu ya kuogopa, na tusimjibu kwa kiburi.

Hata hivyo sisi tuko na mali ambayo mgeni hana. Mgeni akifika anatafuta kwanza mkalimani. Sisi tunajua mashi, kihavu, kitembo, kirega. Nyanya anakuambia jina la mti, ulikuwa unazaa wakati gani, mto gani ulikauka mwaka gani, na kilima gani kilikuwa msitu mbele ya kupandwa majani ya chai. Mzee akifa, habari hizo zinakwenda naye. Hakuna basi ya masomo itakayozirudisha.

Tena si lazima kungoja chuo kikuu. Ninaomba tuanze hapa shuleni mambo matatu.

La kwanza, tupime mvua. Kopo lenye pande zilizonyooka, liwekwe wazi mbali na mabati na miti, na rula ya milimita. Kila asubuhi saa moja mwanafunzi mmoja apime, aandike, amwage maji. Kila darasa lichukue juma lake. Tukiendelea miaka kumi, wadogo zetu watajua kama mvua imebadilika kweli, hawatasema tu "zamani haikuwa hivi".

La pili, wakati wa likizo kila mmoja aulize mzee mmoja: pale kijijini palikuwa namna gani ulipokuwa mtoto? Aandike jina la mahali, mwaka, na maneno ya mzee kama alivyoyasema. Tunaomba uongozi utupe kabati moja katika maktaba kwa daftari hizo.

La tatu, tuhesabu takataka. Chupa tunazotupa katika mifereji zinaingia ziwani, zinafuata maji ya Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I. Kisha umeme ukikatika wakati wa kujisomea, tunalalamika. Kila Jumamosi, mbele ya kufagia, tuhesabu chupa tulizookota kandokando ya ziwa. Hesabu inatia haya kuliko hotuba.

Kati yetu sote labda wawili au watatu watafika Lwiro, Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu au UEA kusoma mambo haya. Hao wawili wanatosha, kama watafika tayari wamezoea kuangalia na kuuliza. Habari za msitu wetu zitaandikwa tu, tupende tusipende. Bora iwe na mkono wetu ndani.

Kopo na rula viko tayari. Mwenye kutaka kujiandikisha anione mbele ya darasa la sita, wakati wa mapumziko ya saa nne.

Mkubwa wa wanafunzi,
mwaka wa sita, Biokimia, Nguba