Ulaini wa sabuni usomwe kwenye viambato, si kwenye picha ya mtoto

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya sabuni za kuogea msemo huo umepinduliwa, kwani karibu kila pakiti siku hizi inajitembeza kwa maneno yale yale: laini, asilia, ya mtoto, haina kemikali.

Maneno hayo yamegeuka kuwa fedha. Mama mwenye mtoto anayesumbuliwa na pumu ya ngozi habishani sana kuhusu bei anapoona picha ya mtoto anayecheka au jani la mshubiri. Analipa, anaondoka. Ni wateja wachache wanaogeuza pakiti na kusoma upande wa nyuma, na wenye maduka wanaofanya hivyo huenda ni wachache zaidi.

Hapo ndipo penye tatizo. Neno "laini" kwenye pakiti halina kipimo. Hata Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo inaeleza wazi kuwa hakuna tafsiri ya kisheria ya bidhaa inayodaiwa kutosababisha mzio. Kila kampuni huandika kwa maana yake. Kinachoweza kupimwa na kulinganishwa ni orodha ya viambato.

Suala hili si la wateja wa mjini peke yao. Linamhusu mkulima wa nazi wa Mafia, mkulima wa mawese wa Kigoma na mwanamke anayelima mwani Zanzibar. Mazao yao yanarudi dukani yakiwa sabuni, na wapo wanaojiunga katika vikundi na kuitengeneza wenyewe. Asiyejua kusoma orodha hiyo ananunua asichokijua na kuuza asichoweza kukitetea.

Orodha ina mpangilio wake

Jambo la kwanza la kufahamu ni kuwa viambato havipangwi kiholela. Kwa utaratibu unaotumika katika vipodozi, kilicho kingi hutangulia na kilicho kidogo hufuata. Vile visivyofika asilimia 1 ndivyo vinavyoweza kuandikwa kwa mpangilio wowote, mwishoni.

Mathalani, pakiti imeandikwa kwa herufi kubwa "sabuni ya mwani" au "sabuni ya asali". Msomaji akigeuza nyuma na kukuta mwani au asali imetajwa baada ya "Parfum", yaani pafyumu, basi ajue kilichomo ni kidogo mno. Sabuni yenyewe inaweza kuwa nzuri, lakini anayelipa zaidi kwa ajili ya asali analipia jina.

Jambo la pili ni majina. Mengi yanatisha, lakini yakifunguliwa yanaonekana ni mazao ya shambani. "Sodium Palmate" ni mafuta ya mawese yaliyokwisha kuwa sabuni. "Sodium Palm Kernelate" ni mafuta ya mise, yanayotoka ndani ya kokwa ya mchikichi. "Sodium Cocoate" ni nazi. "Sodium Tallowate" ni mafuta ya wanyama, hasa ng'ombe, jambo ambalo baadhi ya wateja huliuliza kwa sababu za dini.

Kwa hiyo dai la "haina kemikali" halina maana. Kwa kawaida sabuni ya kipande hutengenezwa kwa kostiki soda. Kostiki ikikutana na mafuta kwa kipimo sahihi hugeuka kuwa sabuni na glisarini, na haibaki kostiki ya kumuunguza mtu. Swali la kumuuliza mtengenezaji ni kama alipima.

Asilia si lazima iwe laini

Ukweli unaowauma wengi ni kuwa kitu kinaweza kuwa cha asili kabisa na bado kikawa kikali kwa ngozi.

Sabuni halisi ya kipande, iwe ya kiwandani au ya jikoni, huwa na pH ya kati ya 9 na 10. Ngozi ya binadamu iko karibu na 5, yaani ina asidi kidogo. Mtu mzima mwenye ngozi yenye afya hujirejesha baada ya muda. Mtoto mchanga, au mtu mwenye pumu ya ngozi, hana kinga ya kutosha. Ngozi yake hukauka, huwasha na hata kupasuka.

Aidha, mafuta hayafanani. Nazi na mise hutoa povu jingi na kusafisha sana, lakini huondoa hata yale mafuta ambayo ngozi inayahitaji. Mawese hutoa kipande kigumu chenye povu dogo na ukali mdogo zaidi. Hivyo kipande kilichotengenezwa kwa nazi tupu ni cha asili kweli, ila hakistahili kuitwa laini. Anayechanganya mafuta mengi ya mawese na nazi kiasi anamtendea mteja wake haki zaidi.

Kwa upande mwingine, vipo vipande vinavyofanana na sabuni lakini si sabuni. Dove, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1957, ni mfano unaojulikana. Kiambato kikuu cha kusafisha katika vipande hivyo mara nyingi ni "Sodium Cocoyl Isethionate", ambacho asili yake ni mafuta ya nazi yaliyopitia kiwandani, na pH ya vipande vya aina hii iko karibu zaidi na ile ya ngozi. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, kipande hicho cha kiwandani, hasa kisicho na pafyumu, mara nyingi kitafaa kuliko kile cha asili. Haipendezi kwa wajasiriamali wa nyumbani kuambiwa hivyo, lakini mteja ana haki ya kujua.

Hata hivyo, si kila mtu anahitaji kulipa bei hiyo. Mkulima mwenye ngozi yenye afya anayetoka shambani na tope miguuni anatosheka na sabuni ya kawaida iliyotengenezwa kwa kipimo.

Dumu moja, majina mawili

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sabuni ya maji. Biashara hii imewapa vijana na akina mama wengi kipato, na mtaji wake si mkubwa. Lakini mchanganyiko wa salfoniki asidi na soda unaofaa kwa vyombo, sakafu na choo haupaswi kumiminwa kwenye chupa nyingine, kuongezwa rangi ya waridi na kuitwa sabuni laini ya mikono. Dumu ni moja, ila majina ni mawili.

Anayetaka kulinganisha sabuni za maji aanze na kile kinachofuata baada ya "Aqua", yaani maji. "Sodium Lauryl Sulfate" ni kali. Wataalamu wa ngozi huitumia makusudi kuwasha ngozi katika majaribio. "Sodium Laureth Sulfate", ambayo mafundi wa sabuni huiita slesi, ni pole zaidi ingawa majina yanakaribia kufanana. "Cocamidopropyl Betaine" ikiongezwa hupunguza ukali, ingawa wapo wachache inaowaletea mzio. "Decyl Glucoside" na "Coco-Glucoside", zinazotokana na sukari na mafuta ya mimea, ni miongoni mwa zile za upole zaidi, na povu lake si jingi. Wingi wa povu si kipimo cha usafi wala cha ulaini.

Yapo pia mapishi yanayopitishwa mkono kwa mkono yanayotaja formalini ili sabuni isioze. Ifahamike kuwa mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehidi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya formalini, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Pia ni chanzo kinachojulikana cha mzio wa ngozi. Haina nafasi katika sabuni ya mikono, sembuse ya mtoto.

Kipimo ndicho heshima ya mtengenezaji

Kosa lingine linatokana na bei za mafuta. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki safi. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 141. Nazi ikipanda bei, kikundi kikahamia kwenye mawese bila kubadili kipimo, gramu 40 hivi za kostiki hubaki bila mafuta ya kushikana nayo. Sabuni hiyo itaunguza. Mteja hatauliza hesabu. Ataambia kijiji kizima, na biashara itakufa.

Wapo watakaosema kuwa wateja hawasomi lebo, hivyo kuandika viambato ni gharama ya bure. Hoja hiyo haina uzito. Mwenye duka ndiye anayeulizwa, na mwenye duka mwenye majibu huuza. Mtengenezaji mdogo hawezi kushindana na viwanda vikubwa kwa matangazo ya televisheni, lakini anaweza kuandika kile ambacho chapa nyingi hazikiandiki kwa lugha ya mnunuzi: "Mawese asilimia 70, nazi asilimia 30, haina pafyumu", pamoja na uzito na tarehe. Maneno hayo yanatosha kwenye karatasi ndogo.

Mwenye duka naye asipokee mzigo usio na orodha. Aulize mafuta gani yametumika, kama kuna pafyumu, na nani atawajibika mteja akilalamika. Alinganishe bei kwa kila gramu 100, si kwa kipande, kwani vipande vinavyolingana kwa macho huweza kutofautiana kwenye mizani.

SIDO, ambalo limekuwa likiwafundisha wajasiriamali kutengeneza sabuni, lina nafasi ya kufundisha pia jinsi ya kuandika lebo ya kweli. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 lilikabidhiwa pia usimamizi wa vipodozi, lihimize orodha hizo ziandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Orodha ya Kiingereza yenye herufi za ukubwa wa chawa haimsaidii mnunuzi wa Uvinza wala wa Paje.

Usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Nazi, mawese na mwani vinaondoka vijijini kwa bei ndogo na kurudi na majina makubwa. Mkulima na mfanyabiashara mdogo wakijifunza kusoma majina hayo, watajua lipi la kulipia, lipi la kukataa, na lipi wanaweza kulitengeneza wao wenyewe bila kumdanganya mtu.