Gari Halizeeki kwa Usiku Mmoja



Kuna neno moja mafundi wa gereji wametuzoesha huku Tanga, na leo tunalikataa. Neno lenyewe ni "gari limezeeka". Unapeleka gari linatembea vizuri, unataka tu libadilishwe mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za oili kwa sababu muda umefika. Unalipa. Unarudishiwa gari linatetemeka kwenye sailensa, halina nguvu, linakunywa mafuta. Ukiuliza unaambiwa: mama, gari hili limezeeka, tafuta enjini nyingine.

Juzi liliingia gereji zima. Limezeeka saa ngapi?

Sisi ni mafundi wa nguo. Mteja akituletea gauni tulipunguze kiunoni, kisha akarudi kusema linamvuta, hatumwambii akanunue kitambaa kipya. Tunafumua mshono wetu kwanza. Fundi gari naye aanze pale alipogusa.

Na pa kutazama pako, wala si kwa gharama. Chukua zile Noah za zamani, SR40, zinazobeba maharusi, masufuria na mashangazi kila wikiendi. Enjini yake ya 3S inatumia mkanda, si cheni. Mkanda unaunganisha gia ya chini ya enjini na gia ya juu inayofungua valvu, na kila gia ina alama yake. Ukifungwa ukapishana jino moja tu, valvu hazifunguki kwa wakati wake. Gari litawaka na litakwenda, lakini zito. Ukipandisha nalo kutoka Mombo kwenda Lushoto utapitwa na bajaji.

Waya za plagi nazo zina mpangilio, 1-3-4-2. Zikichanganywa mbili, gari linamisi hapo hapo. Mpira wa upepo usipobanwa, sailensa inapanda na kushuka yenyewe. Maji yakirudishwa kwenye rejeta bila kutolewa hewa, gari linachemsha, na hapo ndipo utasikia "gasketi ya hedi imekufa". Haijafa, bwana. Toa hewa kwanza.

Noah yetu ya kupelekea nguo za maharusi Muheza na Pangani ilifanyiwa hivyo hivyo. Gereji iliyobadilisha mkanda ilitutaka tununue koili, kisha pampu ya mafuta, kisha enjini nzima. Tukaita fundi mwingine. Akafungua kava, akazungusha enjini kwa spana mpaka alama ya chini ikakaa mahali pake, akatuonyesha ya juu: imepita jino moja. Adhuhuri gari lilikuwa limetulia. Yule wa kwanza tulipompigia simu akasema tumpe "mzee wa nyumba" azungumze naye. Gari ni letu, fedha ni zetu, mzee wa nyumba wa nini?

Watakuja wa kutuambia kwamba gari la miaka 25 lina uchovu wake. Ni kweli. Moshi wa bluu ni oili inaungua, na mkanda mpya hauponyi ringi zilizokwisha. Lakini uchovu huo ulikuwapo kabla, na fundi mzuri hupima kompreshani ya silinda zote nne kabla hajashika spana, akakwambia mapema. Anayenyamaza mpaka kazi yake iharibike ndipo ataje uzee, huyo anajificha. Chombo cha mtu mkononi mwa fundi ni amana, kama kanga ya mteja ilivyo amana mezani kwetu.

Nawe bi harusi unayekabidhiwa ufunguo wa gari lililotumika, usione haya kusimama gereji na buibui lako. Andika kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa, maana hesabu yake ni kama kilomita 100,000 hadi mwingine. Dai spea za zamani uzione. Alama zikishakaa sawa, piga picha kwa simu kabla kava halijarudishwa. Na gari likitoka na ugonjwa ambao halikuingia nao, usinunue kitu chochote mpaka fundi yule yule afungue alichofunga, ukiwa umesimama hapo. Akikataa, chukua ufunguo wako.