Kabla Ulipe Karo ya MBA, Uliza Nani Atasoma Kazi Yako

Wasee wa Thika Road, leo tuongee kuhusu MBA. Usiseme hiyo ni stori ya watu wa tai. Kama umemaliza BCom mwaka jana na bado unatafuta kazi, tayari kuna mjomba ashakuambia, "Ongeza masta, digrii moja siku hizi ni kama kitambulisho, kila mtu anayo." Na kama wewe uko campus bado, kuna dada ama kaka kejani kwenu anapiga hesabu ya karo sahii.

Mimi niliacha chuo, sina hata digrii ya kwanza. Sawa. Kuuliza maswali hakuhitaji cheti.

Sisi watu wa huku tuna bahati ya ajabu. Panda matatu Thika ukielekea tao. Unaanza na MKU pale Thika. Juja kuna JKUAT, Ruiru kuna Zetech, Kahawa unakutana na KU. Ukisonga mbele kuna USIU, halafu KCA pale Ruaraka. Barabara moja, vyuo vikuu vimejipanga kama vibanda vya matunda. Sasa ukiuliza mtu amechaguaje, utasikia mambo matatu: jina, karo, na umbali na stage.

Hayo yote ni maswali ya kuingia. Mimi nasema uliza ya kutoka.

MBA nyingi za hapa Kenya ziko na sehemu mbili. Kwanza masomo ya darasani, jioni ama wikendi. Hapo watu wengi wanapita tu vizuri, kwa sababu kuna ratiba, kuna mtihani, kuna wenzako wa kukusukuma. Halafu inakuja sehemu ya utafiti. Hapo unabaki wewe na msimamizi wako. Asiposoma rasimu yako, hakuna mahafali. Ni hivyo tu.

Nina binamu yangu anaishi Ruiru. Alichukua mkopo wa sacco, wafanyakazi wenzake wawili wakamdhamini, akaanza MBA kwa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Masomo ya darasani alimaliza kwa wakati. Msimamizi wa kwanza akahama. Wa pili alikuwa anajibu barua pepe baada ya miezi miwili. Wa tatu akamwambia abadilishe mada yote. Mkopo ulikatwa kwa payslip mpaka ukaisha, na hiyo MBA bado iko kwa laptop. Kazini aliwaambia anamaliza "mwaka huu", sasa ni mara ya tatu. Huyu si mvivu. Huyu hakuna mtu alimwambia swali la kuuliza.

Na usidhani ni story ya mtu mmoja. Juni 2019, JKUAT ilitoa PhD 118 kwa mahafali moja, nyingi zikitoka kwa kitengo kimoja, kile cha mambo ya biashara na rasilimali watu. Nchi nzima ikashangaa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ikachunguza, na moja ya mambo iliyopata ni kwamba kuna wahadhiri walisimamia wanafunzi wengi kupita kiwango. Kiwango chenyewe ni wanafunzi watatu wa PhD na watano wa masta kwa mhadhiri mmoja. Hizo zilikuwa PhD, si MBA, na sisemi waliofuzu hawakutoa jasho. Nasema hivi: kama idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi inaweza kuleta maswali kwa chuo cha umma kinachojulikana hivyo, wewe unaogopa nini kuiuliza kabla ya kulipa?

Kuna wale watasema, "Buda, MBA ni watu utakaokutana nao." Hiyo ni kweli, siwezi pinga. Kukaa darasa moja na meneja wa benki na mtu wa kiwanda cha Thika kunaweza kukufungulia njia. Lakini hao watu utawajua muhula wa kwanza. Cheti ndicho kinangoja mwisho, na HR hawezi kuweka urafiki wako kwa faili.

Kwa hivyo fanya hivi. Moja, ingia kwa tovuti ya CUE uone kama hiyo programu yenyewe imeidhinishwa. Chuo kuwa na leseni ni kitu kimoja, kozi kuidhinishwa ni kingine. Mbili, enda idarani uulize: walioanza miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi wamefuzu? Wakikosa jibu, hilo ni jibu. Tatu, uliza ukipitisha muda utalipa ngapi kila muhula, kwa sababu karo ya kwa bango huwa inahesabu ni kama utamaliza kwa wakati. Nne, kama unafanya kazi Industrial Area na darasa ni saa kumi na mbili jioni, jaribu hiyo safari siku ya Jumatano mvua ikinyesha. Foleni ya Githurai haijali ndoto zako.

Halafu la mwisho, hili ni la bure. Simama nje ya darasa la jioni, ngoja watoke na mabegi yao ya kazi. Uliza yeyote aliye kwa utafiti: "Msimamizi wako mlionana lini mara ya mwisho?" Akijibu "wiki jana", chukua fomu. Akicheka kwanza ndio ajibu, shika mat urudi nyumbani na hiyo doo yako.