Wacheni Kuwekea Vitz 20W-50

Makanika alimwekea mathe 20W-50 kwa Vitz ya teksi, ati "injini imezeeka, inataka oili nzito." Gari yenyewe bado tunailipia mkopo wa sacco! Asubuhi za Julai huku Limuru, ikawa inapiga kelele ikiwashwa.

Wasee, nambari kabla ya W ni ya baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika juu ya injini haraka. Ikichelewa, chuma kinasugua chuma. Na kama gari inakula oili, tafuta shida iko wapi, usiifiche na uzito.

Kitabu cha gari ni cha Kijapani, sawa, lakini 0W-20 haihitaji mkalimani.

Mtasema niliacha chuo. Kweli. Kusoma nambari hakutaki digrii.